Vichwa vya Jumatatu

Siku ile mjinga alikuwa yeye. Kinyozi mwenyewe alilikubali hilo kabla hajaulizwa na mtu, tena alilikubali mashine ikiwa bado inanguruma mkononi, na mbele yake kichwa cha kaka yake mkubwa kikiwa na njia nyeupe iliyonyooka kutoka kisogoni hadi utosini, kama barabara mpya iliyokatwa msituni. Shemeji yake, aliyekuwa akisubiri zamu pale pale sebuleni kwa kinyozi, aliwahi kumtetea kwamba siku hizi umeme unapanda na kushuka. Lakini mtu aliyenyoa vichwa kwa miaka kumi na tisa hajifichi nyuma ya umeme. Ukweli ni kwamba alikuwa amekichomoa kile kichana cha plastiki kinachovikwa kwenye meno ya mashine ili nywele zibaki na urefu wake. Alikichomoa akipulize, akakiweka dirishani, akasinzia kwa kusimama, kufumba na kufumbua tu, kisha akaendelea na kazi kwa meno matupu. Kila kinyozi analijua kosa hilo, na kila kinyozi humcheka mwenzake akilifanya.

Ila ujinga wenyewe haukuwa wa kichana. Ulikuwa wa mdomo. Asubuhi ile mdomo wake ulisema "haya, kaa" mara sita, na mara zote sita mguu wa kushoto ulikuwa ukisema hapana.

Kaka mtu wanamwita Mwenyekiti, kwa sababu hajawahi kukaa kwenye kiti bila kukigeuza kikao. Na kesho yake, kama bahati ingetaka kumkomoa vizuri zaidi, alikuwa apigwe picha ya kitambulisho kipya cha kazini, kitambulisho cha kuvaliwa shingoni miaka mitano. Dawa ilikuwa moja tu: kunyoa zote. Kinyozi akanyoa, na ndipo familia ikagundua, baada ya miaka hamsini ya kuishi naye, kwamba kichwa cha Mwenyekiti kina kona. Mjomba alikizunguka mara mbili kama mtu anayekagua kiwanja. Dada akaenda kucheka jikoni kwa adabu, lakini jikoni kwenyewe hakuna mlango.

Mwenyekiti alijitazama kwenye kioo kwa muda, akajipapasa ile kona. Kinyozi alisubiri matusi. Alikuwa tayari kuyapokea, na moyoni aliyaombea yaje, maana akitukanwa vya kutosha huenda kaka yake angesusa, na akisusa Mwenyekiti hata wengine wangesusa. Lakini Mwenyekiti alivaa kofia, akafika mlangoni, akageuka na kusema kwa upole wa kukatisha tamaa:

"Jumatatu ijayo uwe macho, mdogo wangu."

Jumatatu ijayo! Mtu umemkata njia kichwani, na bado anaweka miadi.

Sasa ieleweke Jumatatu ni nini. Duka la kinyozi hufunguliwa saa tatu asubuhi, Jumanne hadi Jumapili, na siku zote hizo sita yeye husimama. Kinyozi wa kukaa bado hajazaliwa. Anayekaa ni mteja. Kinyozi humzunguka kama mwezi, mguu huu, mguu ule, kiuno kimepinda kidogo kulia. Jumatatu hufunga. Huko nyuma Jumatatu ilikuwa ya kulala, kufua, na kutofanya chochote kwa bidii. Kisha akaja shemeji mmoja na kichwa kimoja, dharura, ana msiba wa kuhudhuria. Wiki iliyofuata akaja tena bila msiba. Akaleta binamu. Binamu akamwambia mjomba, ambaye nywele zake zinakaribia kulingana na meno yake kwa idadi, lakini hutaka kila moja ishughulikiwe kwa heshima yake. Mwaka haujaisha, sebule ilikuwa imejaa kama zahanati, watu wakiulizana nani alitangulia nani.

Na miguu nayo ikaanza kusema. Kwanza uzito, kisha kuwaka moto, kisha mishipa ikajitokeza nyuma ya goti la kushoto, minene, imejinyonganyonga kama mizizi. Alikwenda kwa daktari, mama mmoja mwembamba asiyepoteza maneno. Daktari alimbonyeza juu ya kifundo kwa kidole gumba, akaondoa kidole, na shimo likabaki pale pale kama kwenye unga uliokandwa. Akamweleza kwamba mishipa ile imechoka kurudisha damu juu. Akampa soksi za kubana, ndefu, rangi ya uji, ambazo kuzivaa ni mieleka ya robo saa. Na akamwamuru: siku moja katika wiki, siku nzima, miguu ikae juu kuliko moyo. Asipofanya hivyo ngozi itaoza taratibu, kitatoka kidonda, na kidonda cha namna hiyo hufika bila haraka ya kuondoka. Baada ya hapo, akasema, utatafuta kazi ya kufanya umekaa.

Kinyozi alicheka njia nzima kurudi nyumbani kwa sababu ya zile soksi. Hilo la kidonda alilifungia mahali fulani kichwani, akatupa ufunguo. Ufunguo ulirudishwa na ile barabara ya kichwani kwa Mwenyekiti.

Jioni ya Jumatatu ile ya kichana, mke wake alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, anaukanda mguu. Mke hupiga pasi mashuka ya hoteli, naye anajua kusimama ni nini. Hakumhubiria. Alimletea mto wa kuegeshea mguu, akaketi kando yake, akamwomba jambo moja tu.

"Siku ukifa," akasema, "nakuomba usizikwe Jumatatu. Watakuja na vichwa."

Walicheka wote wawili, ila yeye aliacha kucheka mapema kuliko mkewe.

Jumatatu iliyofuata alikata shauri kupigana kwa karatasi. Aliandika kwa kalamu nene LEO HAKUNA KUNYOA, akabandika mlangoni pa nyumba, akarudi ndani na kujilaza kochini kama mfalme. Saa mbili na nusu alimsikia shemeji yake akiisoma karatasi kwa sauti, neno kwa neno, kisha akaingia akimpongeza. Alisema amefanya vizuri sana, watu wa nje walikuwa wamezidi, mtu lazima awe na mipaka. Halafu akavuta kiti, akakaa, akajifunga kitambaa shingoni mwenyewe.

Na kinyozi? Kinyozi aliinuka. Nisiwafiche. Aliinuka, akanyoa vichwa vitano.

Wiki ya pili alikimbia. Alitoka alfajiri na soksi zake, akajifungia ndani ya duka lake mwenyewe, akateremsha pazia, akainamisha kile kiti kikubwa cha wateja na kuinua miguu yake juu ya meza ya vioo kati ya poda na spiriti. Ilikuwa raha ya dakika arobaini. Mteja mmoja, mtu wa miaka mingi, alipita, akachungulia chini ya pazia, akaona kandambili. Akagonga. Akagonga tena. Akasema kwa kunong'ona, kama mwizi anayemwita mwenzake, kwamba anajua yumo. Kinyozi alifungua, akamnyoa yeye na wengine waliouona mlango wazi, akarudi nyumbani saa saba mchana akiamini hatari imepita, akawakuta wanne sebuleni wanacheza karata. Walimpigia makofi alipoingia. Mwenyekiti alikuwepo, nywele zikianza kuota, kona ikianza kufichika, na alimuuliza ni mtu mzima gani anayewaacha wageni wake peke yao. Akawanyoa. Alipovua soksi usiku, zilimwachia pete nyekundu chini ya goti, na juu ya kifundo palikuwa na doa la kahawia, dogo kama sarafu, ambalo jana halikuwepo, au lilikuwepo na hakutaka kuliona.

Daktari aliliona bila kuonyeshwa. Alilitazama kwa kurunzi, akasema hapa ndipo kidonda kitakapotokea, akavuta faili. Akamuuliza ni nani anayemsimamisha siku za Jumatatu. Kinyozi akaanza kumtajia: kaka yake, shemeji yake, mjomba, binamu wawili, na wakati mwingine jirani wa binamu. Daktari aliacha kuandika.

"Nimeuliza nani anakusimamisha," akasema. "Hao ulionitajia ni wanaokaa."

Kinyozi alitazama dari, akatazama soksi zake. Kisha akajitaja mwenyewe, kwa sauti ndogo, na daktari akaandika hivyo hivyo kwenye faili, kama vile ni jina la ugonjwa.

Wiki ile yote alikuwa na kazi mbili. Mchana alinyoa. Asubuhi, kabla ya kufungua, alisimama mbele ya kioo chake na kujifunza kusema sentensi moja. Msije mkadhani ni rahisi. Mara ya kwanza ilitoka hivi: samahanini jamani, yaani leo, kama hamtajali, nilikuwa naona labda nisinyoe, lakini kama mtu ana haraka sana... Aliisikiliza akaona ni kichaka. Akaanza kuipunguza kama anavyopunguza nywele, kidogo kidogo, akitazama umbo. Alikata samahanini. Alikata labda. Lile lakini lilimsumbua siku mbili nzima, maana kila alipolikata liliota tena, na alijua kwamba ndilo mlango wenyewe, watu wote wangepitia hapo. Ijumaa alilitoa na mzizi. Kilichobaki kilikuwa maneno mawili: Jumatatu sinyoi. Aliyasema mara nyingi hadi yakaacha kutetemeka mwishoni.

Jumapili jioni, akifunga duka, alijaribiwa kuiacha mashine dukani. Angepata kisingizio cha bure. Alisimama nayo mkononi akapima. Akisema mashine iko dukani, watamwambia twende tukaichukue. Akisema imeharibika, shemeji atakuja na ya kwake, maana shemeji ana ndugu anayeuza vitu vya umeme. Yeye alitaka wajue mashine ipo, mnyoaji yupo, na kunyoa hakupo. Akaibeba nyumbani, akaiweka juu ya kabati la sebuleni, mahali ambapo hata mjomba angeiona bila miwani.

Jumatatu saa mbili asubuhi alitandika godoro jembamba sakafuni, akalisukuma hadi ukutani, akalala chali na kuiegemeza miguu ukutani, soksi rangi ya uji zikielekea darini. Mama yake, anayeishi nao tangu alipokuwa mjane, alikuwa kwenye kiti chake pale kona, anashona foronya iliyochanika. Alimtazama mwanawe, akatazama soksi, akarudi kwenye sindano yake. Hilo lilimtia kinyozi wasiwasi kuliko chochote. Mama ndiye aliyekuwa akiwaambia ndugu kwenye simu: njooni Jumatatu, mdogo wenu yupo tu, hana kazi. Alikuwa akisema kwa furaha. Kinyozi alikuwa tayari kwa Mwenyekiti. Hakuwa na hakika kama yuko tayari kwa mama.

Shemeji ndiye aliyetangulia. Alimwona sakafuni, akauliza kwa hofu ya kweli kama ameanguka.

"Sijaanguka, shemeji. Karibu sana. Jumatatu sinyoi."

Ikatoka safi. Shemeji alicheka, akakaa, akasubiri sehemu ya pili ya mzaha. Akaingia mjomba, akaambiwa vile vile, akaeleza kwamba yeye hana shida na mtu, wake ni dakika mbili tu.

"Wako ni dakika moja, mjomba," alisema kinyozi. "Ila ni dakika ya Jumatatu."

Aliwaeleza yote kwa utulivu, kutoka chini pale, akizungumza na magoti yao. Kwamba dukani milango iko wazi siku sita. Kwamba waje siku yoyote, watakaa foleni kama watu, hatawadai kitu, kama ambavyo hakuwahi kuwadai. Hela zao hazitaki. Anachotaka ni siku yake. Shemeji aliitazama mashine pale juu ya kabati, akamtazama yeye, akaitazama tena mashine, kama mtu mwenye kiu anayeambiwa kisima kipo ila leo hakichotwi. Hakuna aliyeondoka. Walikuwa wanamsubiri Mwenyekiti.

Mwenyekiti alifika saa tatu, akapewa habari mlangoni na watu wawili kwa wakati mmoja. Alivua kofia. Akachukua kiti, akakiweka katikati ya sebule, akakaa, na kikao kikafunguliwa. Alianza kwa kusema kwamba kila mtu ana miguu. Yeye pia anayo, na anakwenda nayo kazini. Kama kila mwenye miguu ataitundika ukutani, nchi itatembezwa na nani? Mjomba alikubali kwa kichwa. Kinyozi hakubishana, alikunja suruali na kuishusha soksi ya kushoto hadi kifundoni, akawaachia watazame. Ile mizizi ya bluu. Lile doa. Mwenyekiti aliinama, akatazama, na kwa kitambo kidogo uso wake ulikuwa uso wa kaka tu, si wa kikao. Kisha akajiinua, maana mtu aliyekwisha kufungua mkutano haoni njia ya kuufunga.

"Nikukumbushe jambo moja," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kichwa cha kwanza ulichonyoa maishani ni hiki hapa. Hakuna aliyekuamini. Baba alikataa. Marafiki zako walikataa. Mimi nilikaa kwenye ndoo nikakwambia nyoa. Nilikwenda kazini wiki mbili na kofia. Nilikwambia Jumatatu sikai?"

Hilo lilimpata. Lilikuwa kweli tupu, ndoo na kofia na yote, na kinyozi alilikumbuka vizuri kuliko kaka yake alivyodhani: jinsi kaka alivyokuwa akisema endelea, endelea, haiumi, wakati ilikuwa inauma. Visigino viliteremka ukutani shubiri nzima bila yeye kuviruhusu, na shemeji, aliyeona, akaanza kufungua vifungo vya kola yake.

Kinyozi alivirudisha visigino juu.

"Ni kweli, kaka. Na sitasahau hadi nife. Ulinipa kichwa chako ili niwe na kazi. Sasa nakuomba uniache niendelee kuwa nayo. Njoo kesho, nikuweke wa kwanza."

"Kesho niko kazini. Mimi pia mapumziko yangu ni Jumatatu."

"Jumamosi, basi."

"Jumamosi dukani kwako kumejaa watu."

"Kumejaa, kaka. Na wote wanasubiri."

Shemeji alifunga tena vifungo vyake, taratibu, kuanzia chini. Mwenyekiti akaona upande huu hakuna kura, akageukia kona. Alimuuliza mama kama anasikia. Alimuuliza kama hivi ndivyo alivyowalea, mmoja amelala na miguu juu, wakubwa zake wamekaa wanamtazama nyayo. Alimtaka aseme neno moja tu kwa mwanawe, basi, wote wataheshimu.

Kinyozi aligeuza shingo juu ya godoro. Kutoka pale chini aliona kandambili za mama, upindo wa gauni, na sindano iliyosimama hewani. Hakuwahi kumkatalia mama jambo, hata moja, tangu alipojua kusema. Akapiga moyo konde, akaongea kabla yake, kwa sababu alijua akingoja hatathubutu.

"Mama, unisamehe sana. Hata ukiniambia wewe, leo sisimami."

Mjomba alivuta pumzi. Jikoni mke wa kinyozi aliacha kuosha vyombo. Mama hakuinua uso. Aliipitisha sindano, akavuta uzi, akapiga fundo, na Mwenyekiti, aliyeona kwamba hata hapo hasikilizwi, akasimama na kofia yake mkononi na kutoa lililokuwa limebaki.

"Haya. Tusinyolewe. Lakini mtueleze basi, kuanzia leo, kila Jumatatu, sisi tutakuwa tunakuja hapa kufanya nini?"

Mama akakata uzi kwa meno.

"Kunisalimia."